ABS mu barabara zetu: kwa nini gari inachelewa kusimama juu ya changarawe

«Mama, usiogope. Gari hii iko na ABS, nikikanyaga freni inasimama palepale.» Maneno ya namna hiyo wasafiri wanayasikia mara kwa mara mu taksi na mu magari yanayoenda Rutshuru, Uvira, Butembo ao Bunia. Shofere hasemi uongo juu ya gari yake. Magari mengi ya okazio yanayotoka Japani na kufika mu Goma na Bukavu yako na ABS kweli. Lakini hiyo «inasimama palepale» inategemea kitu kimoja ambacho hakiko ndani ya gari: barabara yenyewe.

Juu ya lami, ABS inasaidia sana. Juu ya changarawe, mchanga ao vumbi nzito, gari yenye ABS inaweza kuomba nafasi ndefu ya kusimama kuliko gari ya zamani isiyokuwa nayo. Na barabara nyingi za mashariki ya Kongo ziko za namna hiyo ya pili. Shofere asiyejua jambo hilo anakimbia akiwaza kama ako na metre ambazo kwa kweli hana. Na kwa kuwa barabara zetu zinapita katikati ya soko na mbele ya masomo, metre hizo zinazokosekana mara nyingi ziko na mutu ndani yake.

Kazi ya ABS ni gani

ABS ni mufumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati shofere anakanyaga freni kwa nguvu. Mafundi wa garaje wanasema gurudumu «imebloka»: imeacha kuzunguka, lakini gari ingali inaenda. Pine inakokotwa tu juu ya barabara kama kiatu kinachoteleza.

Gurudumu lililojifunga linaleta hasara mbili. Ya kwanza, halisikie tena volani. Shofere anaweza kuzungusha volani mpaka mwisho, gari itaendelea kwenda moja kwa moja mbele. Ya pili, juu ya lami, pine inayokokotwa inashika barabara kidogo kuliko pine ingali ikizunguka. Pine inashika lami kwa nguvu zaidi wakati inazunguka kidogo chini ya mwendo wa gari, karibu asilimia 10 hadi 20 chini. Ikipita pale na kujifunga kabisa, nguvu ya kushika inapunguka, zaidi sana kama lami imelowa.

Kwa hiyo ABS inafanya kazi ya muguu wa shofere mwenye akili nyingi na haraka sana. Karibu na kila gurudumu kuko kifaa kidogo kinachopima mwendo wake. Mafundi wanakiita kapteri. Kapteri zote zinapeleka habari kwa kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapunguza mwendo haraka sana, inajua kama linataka kujifunga. Palepale inafungua kidogo nguvu ya mafuta ya freni kwa gurudumu lile, lizunguke tena, kisha inakaza, kisha inafungua, mara 10 hivi mu sekunde moja. Ndiyo ile «trrrr» ambayo shofere anaisikia chini ya muguu. Haiko alama ya kuharibika. Ni mufumo unaofanya kazi.

Wazo hili lilianza na ndege. Mu miaka ya 1950, kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza mufumo wa kuzuia pine za ndege zisijifunge wakati wa kutua. Mu mwaka wa 1978, Bosch na Mercedes-Benz za Ujerumani zilianza kuuza ABS ya kompyuta mu gari za kila siku. Barabara ambazo mainjinia hao walikuwa nazo mbele ya macho ni barabara za Ulaya: lami kavu, lami yenye maji, na barafu. Hapo ndipo ABS inaonyesha nguvu yake yote.

Changarawe: pale hesabu inageuka

Mu muji wa Goma, mawe meusi ya volkano yako kila pahali. Vipande vidogo vinasambaa mu barabara za kartie na hata pembeni ya lami. Kwenye barabara za udongo za Masisi, Walikale ao Lubero, changarawe na vumbi vinalala juu ya udongo mugumu. Karibu na Uvira, mito inayoshuka kutoka milima inaacha mchanga na mawe mu barabara kisha mvula kubwa.

Juu ya vitu hivyo, gurudumu lililojifunga linafanya jambo ambalo haliwezi kufanya juu ya lami: linachimba. Pine inayokokotwa inasukuma changarawe mbele yake, inajikusanya kama kifusi kidogo, na kifusi kile kinakuwa kama jiwe ambalo mutu anaweka mbele ya gurudumu ili gari isitembee. Gari isiyo na ABS inasimama kwa kujichimbia.

ABS hairuhusu hiyo. Kila mara gurudumu linapotaka kujifunga na kuanza kuchimba, kompyuta inaliachilia lizunguke. Linapanda juu ya ile changarawe iliyoanza kujikusanya, linaivuka, kisha kazi inaanza upya. Kifusi hakijengeke. Gari inaendelea mbele.

Idara ya Marekani ya usalama wa barabara, NHTSA, ilipima jambo hili na kutoa ripoti mu mwaka wa 1999. Walichukua magari mbalimbali, wakafunga freni kwa nguvu zote, mara ABS ikifanya kazi na mara ikiwa imezimwa, juu ya barabara za namna nyingi. Karibu pahali pote ABS ilifupisha nafasi ya kusimama. Juu ya changarawe yenye kulegea matokeo yaligeuka: kwa wastani, nafasi iliongezeka zaidi ya asilimia 27. Maana yake, pale gari bila ABS inasimama kisha metre 30, yenye ABS inaomba karibu metre 38. Hizo metre 8 ni upana wa barabara nzima, pamoja na meza ya muuzaji pembeni.

Hiyo haisemi kama ABS ni mubaya juu ya changarawe. Gari isiyo nayo inasimama karibu, lakini inaenda pale inapotaka yenyewe: inaweza kugeuka, kuingia mu korongo ao kupiga ukuta wa nyumba. Gari yenye ABS inaenda mbali zaidi, lakini shofere angali na volani mu mikono. Anaweza kuepuka mutoto, moto ao shimo. Faida ya ABS juu ya barabara zetu ni kuongoza gari. Shofere anayeitegemea kwa kufupisha nafasi ya kusimama anaiomba kitu ambacho haina pale.

Barabara yenye kukunjamana kama manjanja

Kuko barabara za udongo ambazo uso wake unakunjamana kama manjanja ya nyumba. Gari ikipita juu yake, gurudumu linaruka kidogo kidogo. Kila mara linaporuka, linaacha kugusa chini kwa kitambo kidogo sana. Kama freni imekazwa wakati ule, gurudumu liko hewani, hakuna kitu cha kulizungusha, na linasimama mara moja.

Kompyuta haina macho. Haijui kama gurudumu limeruka. Inaona tu gurudumu limesimama, inasema limejifunga, na inafungua freni. Gurudumu linarudi chini wakati freni imefunguliwa. Jambo lilelile linarudilia kwenye mufano mwingine, wakati gurudumu linapita juu ya shimo. Shofere anasikia kama freni imemukimbia kwa kitambo kidogo, na gari imeenda mbele kama vile hakukanyaga kitu.

Mashofere wengi wakisikia hivyo wanaogopa, wanaondoa muguu na kukanyaga upya. Hiyo inaongeza metre zingine. Inafaa kushikilia muguu palepale, kwa nguvu, na kuongoza gari. Lakini inafaa zaidi kupunguza mwendo mbele ya kufika mu sehemu ile, si ndani yake.

Potopoto na mvula ya kwanza

Mu milima ya Bukavu, Butembo na Beni, udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Hapa ABS haina muujiza, lakini hata gari bila ABS haina. Pine haina kitu cha kushika. Kama pine zimeisha meno, potopoto inajaza nafasi zilizobaki na pine inakuwa laini kama mupira wa kuchezea. ABS itasaidia gari isigeuke, basi. Kusimama kutaomba nafasi ndefu sana.

Mvula ya kwanza kisha kiangazi ni ya hatari zaidi, hata juu ya lami. Miezi ya Juni mpaka Agosti, vumbi na mafuta ya magari vinajikusanya juu ya barabara. Mvula za Septemba zikianza kwa kunyunyiza tu, maji yanachanganyika na vile vitu na kufanya utelezi mwembamba. Kisha mvula kubwa kusafisha barabara, lami inashika tena muzuri kidogo.

Muguu mumoja kwa lami, mumoja kwa vumbi

Mufano mwingine unajulikana na kila shofere wa hapa. Barabara ya lami iko nyembamba, lori inakuja mbele, na gari inashusha magurudumu ya kuume mu vumbi ya pembeni. Kama shofere anafunga freni kwa nguvu wakati ule, magurudumu ya kushoto yanashika lami kwa nguvu na ya kuume yanateleza. Gari bila ABS inazunguka kuelekea upande unaoshika, ni kusema upande wa lori.

Hapa ABS inaweza kuokoa maisha. Inapunguza freni pale inapohitajika na gari inabaki sawa vya kutosha ili shofere airekebishe kwa volani. Lakini kwa sababu upande mumoja hauna nguvu ya kushika, gari itaenda mbali zaidi kuliko kama ingekuwa yote juu ya lami.

Hesabu ya metre

Shofere mwenye macho mbele anaomba karibu sekunde moja ili aone hatari na muguu ufike kwa freni. Kwa mwendo wa kilometre 60 kwa saa, mu sekunde ile moja gari imekwisha kukimbia karibu metre 17, mbele freni haijaanza.

Ongeza sasa nafasi ya freni yenyewe. Kwa hesabu ya kawaida, kwa pine nzuri na barabara tambarare, juu ya lami kavu ni karibu metre 18, jumla 35. Juu ya lami yenye kulowa, jumla inafika karibu 45. Juu ya changarawe yenye kulegea, kwa gari yenye ABS, jumla ni karibu 57. Juu ya udongo mwekundu wenye kulowa, inaweza kupita 85. Uwanja wa mupira unakaribia metre 100.

Lakini juu ya changarawe ileile, shofere akipunguza mpaka kilometre 40 kwa saa, jumla inashuka mpaka karibu metre 29. Kwa kilometre 30, ni chini ya metre 20. Sababu ni kwamba nafasi ya freni haipunguke sawasawa na mwendo, inapunguka zaidi. Mwendo ukikatwa nusu, nafasi ya freni inabaki robo. Hakuna kifaa mu garaje yoyote kinachoweza kutoa zawadi kubwa kama hiyo, na haiombe franga hata moja.

Gari yenye kubeba watu na mizigo kupita kiasi inaharibu hesabu hizo. Mushuko vilevile. Kwenye mushuko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, kazi ya freni ni kushikilia uzito wote wa gari kwa muda murefu. Shofere akishuka muguu ukiwa juu ya freni tu, freni zinapata moto, mafuta yake yanaweza kuchemka, na pedali inashuka mpaka chini bila nguvu. ABS haiwezi kitu pale, juu inafanya kazi na nguvu ya freni iliyoko. Kama freni imekufa kwa moto, ABS haina cha kugawa. Dawa ni kuingiza vitesi ya chini mbele ya kuanza kushuka, ili moteri yenyewe izuie gari.

Taa ya njano kwa tablo

Shofere anapowasha gari, taa yenye herufi ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Hiyo ni namna ya gari kusema mufumo umejipima na uko sawa. Kama taa inabaki ikiwaka, ABS imejizima. Freni za kawaida zingali, lakini gari imekuwa kama ya zamani: magurudumu yanaweza kujifunga. Mu magari mengi, mufumo uleule unagawa pia nguvu ya freni kati ya mbele na nyuma. Ukizimika, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ya kwanza na gari ikageuka. Kama taa nyekundu ya freni inawaka pamoja nayo, gari isiendelee na safari.

Kama taa haiwaki hata kidogo wakati wa kuwasha gari ambayo iko na ABS, muuzaji ao fundi anaweza kuwa ametoa ampule ili kuficha ubaya. Mutu anayenunua gari ya okazio aangalie jambo hilo mbele ya kulipa.

Mu barabara zetu, sababu za taa kuwaka mara nyingi ni ndogo: potopoto iliyokauka juu ya kapteri, waya wake uliokatwa na jiwe, ao rulema ya gurudumu yenye kulegea. Pine za ukubwa tofauti zinadanganya pia kompyuta, juu pine ndogo inazunguka haraka kuliko kubwa. Fundi anaweza kusafisha kapteri kwa muda mufupi. Kutoa fizibu ili taa izimike hakutengeneze kitu.

Muguu wa shofere

Mu muji wa Munich, Ujerumani, wachunguzi walifuata taksi za kampuni moja mu miaka ya 1980. Zingine zilikuwa na ABS, zingine hapana. Watu walitazamia zile zenye ABS zipate aksida chache. Haikuwa hivyo: kwa jumla hakukuwa tofauti kubwa. Mashofere wenye ABS walikuwa wameanza kuendesha kwa kujiamini kupita kiasi, wakikaribia sana magari ya mbele na kukata kona kwa nguvu. Walichopewa na kifaa, walikitumia kwa kukimbia.

Hatari hiyo iko hata hapa, tena juu ya barabara ambazo ABS yenyewe inapunguziwa nguvu. Kwa shofere mwenye gari ya ABS, mambo ya kushika ni machache. Hatari ikitokea, kanyaga freni kwa nguvu zote na usiiachilie, usipige muguu juu chini, na uongoze gari pahali pasipo mutu. Juu ya changarawe, vumbi ao potopoto, acha nafasi mara mbili mbele yako na punguza mwendo mbele ya kona, mbele ya soko, mbele ya masomo. Mwenye gari bila ABS, ao yenye taa inayowaka, akanyage kwa kupima, na akisikia magurudumu yamejifunga, aachilie kidogo ili volani irudie kufanya kazi.

Shofere anaweza pia kutafuta pahali pa wazi pasipo mutu wala gari nyuma, aende kilometre 30 kwa saa juu ya udongo na kukanyaga freni yote. Atasikia ile «trrrr», kisha ashuke na kuhesabu hatua. Wengi watashangaa.

Motari anayefuata gari karibu sana asihesabie kwamba atasimama wakati gari inasimama, juu moto nyingi hazina ABS. Mutu anayevuka kwa muguu barabara ya vumbi asihesabie kwamba shofere amemuona kwa hiyo gari itasimama. Shofere anaweza kuwa amekanyaga tayari na gari ingali inakuja. Wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hilo.

Na msafiri anayeona gari inakimbia juu ya changarawe ako na haki ya kufungua kinywa. «Papa shofere, punguza kidogo, barabara haiko ya lami.» Kama shofere anajibu kwamba gari iko na ABS, msafiri anajua sasa cha kumuambia.